Niandike Mvivu

Watu wakisikia niliwahi kuwa askari magereza huniuliza kama niliwaogopa wafungwa. Jibu langu huwavunja moyo. Nilichokuwa nakiogopa ni suruali.

Nilipangiwa gereza dogo nje ya mji wa Dodoma, sehemu ya wanawake, niwe mwalimu wa ushonaji. Cheti nilikuwa nacho. Kilisema nimehitimu sayansi kimu na ufundi wa nguo, na hakikusema uongo, ila miaka miwili yote chuoni tulishona aproni, foronya, vitambaa vya makochi, na gauni moja la mtoto ambalo mwalimu alinimalizia mikono kwa kunihurumia. Kwenye suruali hatukufika. Vitambaa vilikuwa adimu nchini wakati ule na chuo hakikuwa na vya kuchezea. Sasa nikakabidhiwa cherehani saba za miguu, wanawake kumi na wanne, na kazi ya kushona sare za askari, na sare za askari ni suruali na kaptula. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilivaa buti, nikakunja uso, nikaamini kwamba uso ukikunjwa vizuri hakuna atakayeuliza swali.

Karakana ilikuwa chumba kirefu cha bati kisicho na dari, chenye madirisha mawili ya nondo yaliyotobolewa juu kabisa, mtu asione nje hata akipanda kwenye benchi. Kuanzia Juni upepo uliingiza vumbi jekundu kupitia hapo. Tukishona kaki ilikuwa afadhali. Yakija mashuka meupe ya hospitali tulifua mara mbili kabla ya kuyatoa.

Utaratibu ulikuwa huu. Saa mbili asubuhi niliingia na wanafunzi wangu, na askari wa zamu akafunga mlango kwa nje. Ufunguo sikupewa, kwa sababu mwenye mikasi hatakiwi kuwa na ufunguo. Wakati wa kazi mikasi ilifungwa mezani kwa minyororo mifupi, na ukutani palikuwa na ubao uliochorwa umbo la kila mkasi kwa rangi nyekundu, ili jioni kila mmoja urudi kwenye picha yake. Sindano zilikaa kwenye kopo na zilihesabiwa mara tatu kwa siku. Hesabu isipotimia hatoki mtu, na katika huyo mtu nilikuwemo na mimi. Nilikuja pale kama mlinzi, lakini nilifungiwa na kufunguliwa kama wao, na nikibanwa na haja niligonga mlango kama wao.

Kati ya wale kumi na wanne alikuwamo mama mmoja wa Haneti, umri wake kama wa mama yangu mdogo. Alikuwa amemsukuma mumewe wakigombana, mume akaangukia jiwe la kusagia. Akapata miaka minane, kuua bila kukusudia. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, akiwa anatia uzi kwenye sindano, na hakusimamisha kazi ya kutia uzi. Aliingia gerezani na mtoto wa kike mgongoni. Mtoto alipoacha ziwa, bibi yake alikuja kumchukua kwa mujibu wa sheria, akarudi naye Haneti. Tangu siku hiyo mama yule alivaa kiunoni, chini ya sare, uzi wa katani wenye mafundo. Fundo la kwanza lilikuwa urefu wa mtoto siku alipoondoka. Mengine alifunga mwenyewe, moja kwa kila mwaka, kwa kukisia.

Uzi ndio ulikuwa futi yake. Namba hakuzisoma. Akitaka kumpima mtu alimzungushia uzi kifuani, kiunoni, kwenye paja, akafunga fundo kila mahali, na uzi huo akauning'iniza kwenye msumari. Askari wote wa gereza letu walikuwa wamening'inia ukutani pale, mnene na mwembamba, na hakuwahi kuuchanganya mmoja na mwingine.

Suruali yangu ya kwanza niliikata kwa kufuata kitabu. Nilipoinyanyua, miguu ilikuwa sawa, kiuno sawa, nikafurahi. Mama wa Haneti aliitazama kwa muda, akachuchumaa mbele yangu kama sheria inavyotaka mfungwa azungumze na askari.

"Afande," akasema, "hapa katikati, mtu atakaaje?"

Wenzake waliinamisha vichwa juu ya cherehani, mabega yakitikisika. Nikakasirika. Nikamwambia arudi kwenye nafasi yake. Kesho yake nikamwita kwenye meza ya kukatia, sauti chini, nikamuuliza mtu anakaaje.

Huko Haneti alikuwa anashona vibuyu. Kibuyu kizuri kikipasuka watu hawakitupi. Hukipeleka kwa mwanamke anayejua, naye hutoboa matundu madogo pande zote za ufa na kukishona mpaka kishike maziwa. "Kibuyu kina tumbo, kina shingo," alinieleza. "Ukikishona kama ni kitu bapa, kitavuja. Na mtu ni hivyo hivyo." Akachukua kipande cha sabuni, akachora kwenye kaki mstari uliopinda ambao kitabu changu kilikuwa kimeuonyesha kama namba tu, na kwa mara ya kwanza nikauelewa.

Basi ndivyo nilivyofundisha ushonaji. Asubuhi mama wa Haneti alinionyesha, mchana mimi nikasimama mbele na chaki nikiwaonyesha wenzake, naye akaketi kati yao akisikiliza kwa adabu kama jambo jipya. Wote walijua. Sifa zilikuja kwangu. Mkuu wa gereza alivaa suruali mpya, akatembea nayo uani akijitazama miguu, akaniambia karakana imepata mwalimu.

Siku moja hesabu ya saa tisa na nusu ilipungua sindano moja. Tulikung'uta nguo, tukafagia, tukafumua furushi la vipande na kulifunga upya. Bati lilikuwa limeshika moto na humo ndani hewa ilikuwa nzito. Mwanamke mmoja mjamzito akalala sakafuni. Askari aliye nje akauliza kupitia tundu la mlango, "Bado?" Nikajibu bado. Akauliza tena, nikajibu bado, nikamwaga kopo la sindano nikahesabu upya, maana mwalimu anayepoteza sindano huandikwa kwenye faili lake kabla ya mfungwa. Mama wa Haneti akapita nyuma yangu akiokota vipande, mkono wake ukagusa kola yangu kwa wepesi, kisha akainama.

"Hii hapa, afande. Ilikuwa kwenye ufa wa sakafu."

Nilielewa papo hapo. Mchana nilikuwa nimeshona kifungo cha shati langu na sindano nikaichomeka kwenye kola. Ningeweza kutoka nayo mpaka nyumbani. Hakuniambia neno siku ile wala baadaye, na wala hakunitazama kwa jicho la mtu anayengoja kulipwa.

Kuanzia hapo, mlango ukishafungwa asubuhi, nilimsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama." Askari hamwamkii mfungwa. Mfungwa ndiye huchuchumaa akungoje wewe. Lakini niliona haya kuchuchumaliwa na mtu wa umri wa mama yangu mdogo ambaye alikuwa akinifundisha kazi yangu mwenyewe. Yeye alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Marahaba, mwanangu." Siku yangu ikaanza hapo. Nilikuwa mbali na kwetu, nikiishi kwenye kota ya chumba kimoja ndani ya uzio, na hakuna mwingine katika gereza zima aliyeniita mwanangu.

Kila mwaka, kuelekea sikukuu ya Uhuru ya Desemba, ulikuja msamaha wa rais. Masharti kila mfungwa aliyajua kwa moyo. Uwe umetumikia nusu ya kifungo, usiwe na kosa ndani ya gereza, na kosa lililokuleta lisiwe miongoni mwa yale yaliyotajwa. Mama wa Haneti aliyatimiza yote. Nami katika mwaka wangu wa pili nikaona jambo lililonishangaza. Ilipofika Oktoba kazi ya karakana ilianza kuharibika. Mifuko ilishonwa ikafungwa mdomo. Vifungo havikukutana na matundu. Shati moja lilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa kiasi cha kiganja, na aliyelishona alikuwa mtu wa kushona mashati manne kwa siku bila kosa. Nilifoka, nikafumua, nikafoka tena.

Askari mmoja wa kike, wa siku nyingi, alinicheka mpaka akashika tumbo. Akaniambia kwamba palikuwa na mfungwa mpishi kabla sijafika, mandazi yake yalikuwa yakifika mpaka nyumbani kwa wakubwa. Alitimiza masharti yote, na kwenye orodha hakuwemo. Mwaka uliofuata hakuwemo tena. "Sasa wenye mikono mizuri wakisikia Oktoba wanakuwa vipofu," alisema. "Mtu wa lazima haachiwi hapa. Hujajua tu."

Kumbe wanafunzi wangu walikuwa wakinifanyia kazi mbaya kwa akili nyingi. Ilikuwa sharti la nne, ambalo halikuandikwa popote.

Mama wa Haneti peke yake ndiye ambaye nguo zake ziliendelea kutoka zimenyooka. Wenzake walimsema. Nyapara, mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wenzake, alimwambia wazi mbele yangu, "Wewe utazikwa humu na hiyo mishono yako." Nikamwona siku moja anajaribu. Alipeleka mshono wa mfuko upande, akausimamisha, akautazama kama mtu anayetazama kidonda. Kisha akachukua sindano akaufumua, uzi mmoja mmoja, akaupitisha upya. "Mkono umekataa," alimwambia jirani yake, na hakujaribu tena.

Ndipo akaja kwangu. Ilikuwa kabla tu ya hesabu ya mchana, wenzake wakikusanya vipande. Hakuchuchumaa. Alisimama kando ya meza ya kukatia akinishikia ncha ya kitambaa, tuonekane tunafanya kazi.

"Kuna fomu ya msamaha utaandika," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Niandike mvivu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Mama yangu macho yamekwisha kabisa," alisema. "Mtoto ndiye anayemwongoza kwa fimbo kwenda kisimani. Mama akifa, ndugu wa mume wangu watakuja kumchukua. Ni haki yao, ni damu yao. Lakini kwa watu wale mwanangu ni mtoto wa aliyemuua ndugu yao. Atalala wapi? Nani atampa chakula akasahau mimi ni nani?" Akanyoosha ncha ya kitambaa iliyokuwa imenyooka tayari. "Andika mvivu. Andika hajui. Futi sijui kusoma, hilo ni kweli, anzia hapo."

"Nimesikia, mama," nikamwambia. "Nitaandika hivyo."

Na nilikusudia. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii.

Wiki ile ile mkuu wa gereza aliniita. Alikuwa mtu mchangamfu, mwepesi wa kuahidi. Ofisi moja kubwa mjini ilitaka sare za madereva na wahudumu wake wote, suruali zenye marinda mbele na ukingo uliokunjwa chini, mtindo uliokuwa umeingia. Haikuwahi kuja oda kama ile. "Hii ikitoka salama," alisema, "mwakani kuna nafasi ya kozi ya ushonaji Dar es Salaam, mwaka mzima. Jina litakalokwenda ni la kwako."

Siwezi kueleza vizuri nilivyoitaka kozi ile. Tangu nifike, maisha yangu yalikuwa filimbi ya asubuhi, mlango, hesabu, mlango. Mgeni akija kunitembelea aliandikishwa getini na mfuko wake kupekuliwa. Mjini nilikwenda Jumapili, tena kwa ruhusa. Nilikuwa nimeanza kuamka alfajiri kabla ya filimbi na kulala pale nikilitazama bati, nikijiuliza kifungo changu ni cha miaka mingapi. Wafungwa angalau walijua. Na suruali zenye marinda mimi nisingeweza kuzikata. Palikuwa na mtu mmoja tu gerezani aliyeweza.

Fomu zilikuja. Ilikuwa mchana, niliketi kwenye chumba cha ofisi na kikombe cha chai, dirisha wazi, wafungwa wa kiume wakipita na majembe kutoka kwenye shamba la zabibu. Kwenye kila fomu palikuwa na mstari, "Maoni ya mwalimu wa fani." Waliovuruga mishono niliwaandika kama walivyotaka. Huyu hana maendeleo. Huyu hajali kazi. Nilicheka kidogo nikiandika. Nilipofika kwenye jina la mama wa Haneti nikanywa chai yote kwanza.

Nikaandika, "Fundi hodari, mwaminifu, mwenye bidii. Karakana inamtegemea."

Hakuna neno la uongo hapo. Nilijiambia hivyo kalamu ikiwa bado mkononi. Nani atanilaumu kwa kumsifu mtu? Nikajiambia pia kwamba ukiondoa punguzo lake la tabia njema amebakiza mwaka mmoja na miezi minne tu, si muda mrefu, na bibi mwenyewe amekuwa mzee miaka yote hii na hajafa. Nakumbuka hili la mwisho kwa maneno haya haya. Nikapiga muhuri.

Majina yalisomwa uani, wanawake wamechuchumaa kwa mistari. Waliachiwa saba. Yule wa shati lenye mkono mrefu alipiga kigelegele akanyamazishwa. Mama wa Haneti alingoja mpaka karatasi ikaisha. Ingeishia hapo pengine asingejua kamwe kilichotokea. Lakini mkuu wa gereza alikuwa mtu mwema kwa namna yake, akamwona uso wake, akataka kumfariji.

"Wewe mama usikate tamaa," alisema mbele ya watu wote. "Mwalimu wako amekusifu kuliko wote. Ameandika karakana inakutegemea. Gereza linakuhitaji."

Ningependa kusema kwamba alinitazama. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake, ameifunua juu ya magoti, kama ndiyo iliyomsema vibaya.

Kesho yake mlango ulipofungwa nikamsogelea kama kawaida. "Shikamoo, mama." Aliacha kitambaa. Akashuka, akachuchumaa kabisa, macho chini, kama ilivyoandikwa kwenye kanuni.

"Ndiyo, afande."

Nikamwambia ainuke. Akainuka. Nikasema nilitaka kumweleza, akasema, "Ndiyo, afande." Chochote nilichosema jibu lilikuwa hilo, na lilitolewa kwa heshima zote, nikakosa hata pa kukasirikia.

Suruali za marinda alizikata. Nilikuwa natumaini, nakiri, kwamba sasa angeziharibu, alipize, nasi tuwe sawa. Hakuharibu hata moja. Zilipangwa rafuni, vipande juu ya vipande, na mistari ya sabuni ilikuwa myembamba na safi kama siku zote. Wanafunzi wapya walikaa kwenye viti vya walioachiwa, nami niliwafundisha, sasa bila mtu wa kunionyesha kwanza. Alifanya alichoamriwa na hakuongeza kitu.

Januari mkuu wa gereza aliniita tena, safari hii bila kuchangamka. Oda ilikuwa imesitishwa. Zilikuwa enzi za ruksa, kila kitu kikiingia nchini, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameipelekea ile ofisi sare zilizoshonwa nje, zimefungwa kwenye nailoni, kola zimebanwa na pini. Nilipokwenda mjini Jumapili ile nikaona kwa macho yangu jambo ambalo sisi tuliofungiwa hatukuwa tumelijua vizuri. Pembeni mwa soko mitumba ilikuwa imemwagwa chini kwenye maturubai, watu wameinama wakichambua, suruali nzuri za Ulaya kwa chini ya bei ya kitambaa peke yake. Fundi wa cherehani aliyekuwa barazani karibu na hapo alikuwa anapunguza pindo la suruali ya mtumba, na hakuwa na kazi nyingine mbele yake. Miaka miwili nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu, tena kwa ukali, kwamba anayejua kushona hatalala njaa.

Kozi nayo ilifutwa. Ile kaki iliyokatwa tuliiunganisha vipande tukafanya magunia ya kuhifadhia uwele.

Mwezi wa pili, wakati watu wako kwenye palizi, mama wa Haneti alipata mgeni. Kaka yake alikuwa ametembea na kupanda lori, miguu yake ina tope mpaka magotini. Kanuni inataka askari asimame akisikia kila neno linalosemwa kati ya mfungwa na mgeni wake, na zamu siku hiyo ilikuwa yangu. Kwa hiyo nilisimama hatua mbili kutoka kwao, mikono nyuma, nikasikia.

Mama yao alikuwa amefariki. Aliugua siku tatu. Watu wa upande wa mume walifika matanga hayajaisha, wakakaa kwa adabu, wakala, kisha wakasema wamekuja kuchukua mtoto wao. Hakuna aliyekuwa na neno la kuwazuia. Mtoto alikwenda na fimbo ya bibi yake, alikataa kuiacha. Watu hao hawakurudi kijijini kwao, walikuwa wanahama na ng'ombe. Wengine walisema wako Manyoni, wengine walisema wamepita huko wakaendelea mbele.

Mama wa Haneti hakulia. Aliuliza swali moja.

"Alikuwa amefika wapi?"

Kaka yake hakuelewa. Mama wa Haneti akarudia, amefika wapi kwa urefu. Yule mtu akaweka kiganja kwenye mwili wake, chini kidogo ya kifua. Dada yake akamwambia asimame wima, asiiname. Akasimama wima. Dada akamtazama mpaka muda wa mazungumzo ukaisha, na mimi ndiye niliyetakiwa kusema umeisha. Nikasema.

Karakana ilikuwa na watu siku iliyofuata lakini alifanya bila kujificha. Alifungua uzi kiunoni, akaupima kwenye mwili wake kuanzia sakafuni mpaka pale alipokumbuka kiganja cha kaka yake, akafunga fundo. Lilikuja chini ya lile alilokuwa amekisia. Mtoto alikuwa mfupi kuliko alivyomuwaza. Akafungua fundo lake la kukisia kwa meno, akauvaa uzi, akaketi kushona.

Alitoka mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, siku yake ya kawaida, bila msamaha wa mtu. Ilikuwa asubuhi na mvua ilikuwa imenyesha. Alikuwa amerudishiwa gauni alilokuja nalo, na lilimpwaya kila mahali, maana hakukuwa na aliyefikiri kumruhusu alipunguze. Mimi nilikuwa nimemtengenezea cheti. Nilikipigisha chapa kwenye karatasi nzito, nikaweka muhuri na sahihi yangu, nikampelekea pale langoni kwa mikono miwili. Nilidhani namlipa.

"Nisomee," alisema.

Nikamsomea jina lake, fani yake, muda aliojifunza. Nikasoma, "Ni fundi hodari, mwaminifu, mwenye bidii."

"Ni maneno yale yale?"

Ningeweza kudanganya. Hakujua kusoma.

"Yale yale," nikasema.

Akakichukua, akakikunja, ncha kwa ncha, kingo zikalingana kama alivyokunja kitambaa kabla ya kukata. Kisha akanyoosha mkono akakitia kwenye mfuko wa shati langu, mfuko alioushona mwenyewe, na akaubonyeza ulale vizuri.

"Kaa nacho, afande. Huko ninakokwenda hakuna karakana inayonitegemea."

Lango likafunguliwa. Aliinua mguu akavuka kizingiti, akasimama upande wa pili akitazama barabara, kulia na kushoto, kama mtu ambaye hajaamua aende Haneti au Manyoni. Askari wa lango alikuwepo, mkuu wa gereza alikuwepo, wafungwa wa zamu ya kufagia walikuwepo. Nikasema kwa sauti kubwa, mbele yao wote, "Shikamoo, mama."

Alisikia. Mabega yake yalisimama kidogo. Miaka yote ile, chochote nilichomwambia alitakiwa kukiitikia, ilikuwa amri. Sasa hakuwa chini ya amri yangu. Akafunga khanga yake vizuri, akashika njia ya kushoto, inayoelekea stesheni kunakopita treni ya Manyoni, na hakuitikia.

Askari akavuta lango. Nilibaki upande wa ndani, na ilikuwa inakaribia saa mbili. Wanafunzi wangu walikuwa wamekwishapanga mstari mlangoni pa karakana, wakingoja nije tufungiwe.